Kila Bomu na Ndege Yake

Nimetengeneza mabomu hapa Juba karibu miaka yote tangu nirudi kutoka Kenya, na hakuna hata moja lililolipuka. Nasema hivyo kwa majivuno kabisa. Mengine niliyatengeneza kwa bati, mengine kwa mbao za msaji, na moja, wiki tuliyokosa vifaa, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia na kitako cha ndoo. Jirani yangu huku Lemon Gaba, mama mcha Mungu sana, aliposikia kuwa kazi yangu ni mabomu alihamisha jiko lake upande wa pili wa nyumba. Sasa nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na jiko bado halijarudi.

Ninyi niliowaachia karakana mmeniomba niandike. Haya, naandika. Kuhusu vyeo sina la kusema, maana nilikuwa fundi siku ya kwanza na nilikuwa fundi siku ya mwisho. Kuhusu mshahara, foleni ni ileile mnayopanga ninyi. Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme tu kwamba kituo chetu kinafundisha watu juu ya mabomu ya vita yaliyobaki ardhini, na mimi nilikuwa fundi wa mifano. Mtu akiuona mfano darasani, siku akikutana na lenyewe shambani atalitambua na kurudi nyuma. Halafu tuna chumba cha kumbukumbu, chenye ndege za vita za mbao na bati zinazoning'inia darini na mabomu yake chini ya mabawa. Chumba kile kina sheria moja tu, kila bomu na ndege yake.

Sheria hiyo sikuzaliwa nayo. Mimi ni Keji, nimekulia Eldoret, na ufundi nilijifunza kando ya barabara kwa fundi wa mabati aliyetengeneza makarai, majiko na masanduku ya shule. Niliporudi Juba baada ya amani, nikiwa na mkasi wa bati na nyundo mbili kwenye mfuko, kituo kiliniajiri nitengeneze ndoo za mchanga. Ndoo! Siku ya kwanza, saa ya chakula, nilichoka kutazama ndoo, nikaokota vipande vya bati vilivyobaki nikakata ndege. Nilikata ile ambayo kila mtu wa huku anaikumbuka, Antonov, na chini ya mabawa nikaining'inizia mabomu manne mazuri, nikaiweka dirishani ikauke lehemu.

Akaingia Afande Lado. Huyu ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo mkae vizuri. Ujanani alikuwa askari wa ile serikali ya zamani, na kazi yake ilikuwa kutundika mabomu kwenye jeti, mpaka siku moja aliacha spana chini na kutembea kwa miguu hadi Uganda. Mabomu aliyajua kama mtu anavyowajua mashemeji zake, yaani kwa kasoro. Aliitazama ndege yangu, akaitazama tena, halafu akaanza kucheka mpaka akakalia ndoo yangu ya pili, ambayo ilibonyea.

"Ya biniya," aliniambia, maana kwake kila mwanamke chini ya miaka sitini ni msichana, "hii ndege, nani alimpa bomu chini ya mkono?"

"Ni Antonov, Afande. Si ndiyo iliyotupiga?"

"Antonov iko ndege ya mizigo! Bomu yake inakaa ndani na watu. Wanafungua mlango ya nyuma, wanasukuma na mguu. Sakit, hivyo tu! Kama mama anamwaga maji ya vyombo. Chini ya mkono ni kazi ya jeti. Na jeti hata haina jina moja."

Hapo nilipigwa na butwaa. Huku kwetu kila ndege iliyowahi kutupa kitu iliitwa Antonov, kama vile kila sabuni ya unga inavyoitwa kwa jina moja hata pakiti ikiwa nyingine. Bibi zetu walisema Antonov, wahubiri walisema Antonov, watoto waliozaliwa baada ya vita wanasema Antonov. Afande alisema watu wana haki ya kuiita wanavyotaka, kwa sababu wao walikuwa chini yake. "Lakini wewe iko fundi," aliniambia. "Fundi hana haki hiyo."

Kesho yake nilihamishwa kutoka ndoo hadi ndege. Sijawahi kufurahi hivyo, na ndoo ile iliyobonyea niliitumia miaka kumi.

Alianza kunifundisha pua. Bomu lenye pua butu, tena lenye pete nene usoni, lilibuniwa kusafiri tumboni mwa ndege kubwa, mahali pasipo na upepo. La jeti ni jembamba, pua imechongoka. Ukilitundika lile butu chini ya bawa la jeti ya kasi, alisema, rubani anakuwa kama mtu anayeendesha baiskeli na godoro kichwani. Halafu mkia. Jeti ikiruka chini sana inahitaji bomu lenye mkia unaofunguka kama mwavuli, au lenye parachuti, ili lichelewe kufika na ndege iwahi kuondoka. Bila hivyo rubani anakula chakula alichokipika mwenyewe. Alisema haya kwa uso mkavu kabisa, na mimi nilikuwa nimeshika meza kwa kicheko.

Mwisho akanifundisha masikio, na hapa naomba mtulie. Mgongoni mwa bomu kuna vishikio viwili vya chuma, ndivyo linavyotundikwa, na Afande aliviita masikio. Mabomu ya Kirusi, yale yaliyobebwa na MiG, masikio yake yametengana sentimita ishirini na tano. Ya Kimarekani, yale ya jeti ndogo ya F-5, yametengana thelathini na tano na nusu. Ndoano za ndege moja hazishiki bomu la nyingine, hata ubembeleze. "Rangi inadanganya, karatasi inadanganya, mzee pia anadanganya," aliniambia. "Sikio haidanganyi." Akachukua kijiti cha msaji, akachonga alama mbili, akanipa. Kijiti hicho nilitembea nacho kwenye mkoba kama wenzangu wanavyotembea na kitana.

Bomu langu la kwanza la ukubwa kamili lilivingirishwa na Salongo. Hilo si jina lake, ndivyo Waganda wanavyomwita baba wa mapacha. Ana banda la kuchomelea pale soko la Konyo Konyo, na mashine yake ya kukunja bati ndiyo pekee niliyoiamini. Gari la kituo lilikuwa bovu siku hiyo, kwa hiyo tulilifunga bomu kwenye boda boda, mimi nimekaa nyuma nikilikumbatia.

"Mama, hii ni nini?" dereva aliuliza.

"Bomu."

Alicheka sana, akasema Mama una maneno, tukaondoka. Katikati ya soko mtu mmoja akapiga kelele, "Antonov!" na watu wote wakaingia chini ya meza. Nyanya zilibingirika mpaka kwenye mtaro. Dereva, baada ya kuelewa kwamba sikuwa na maneno, aliruka pikipiki ikiwa bado inatembea, na mimi na bomu tukaenda peke yetu hadi kwenye gunia la mkaa. Aliyebaki amesimama ni mama mmoja muuza samaki wakavu, mikono kiunoni. "Bomu gani iko na rangi ya mlango yangu?" aliuliza. Alikuwa na haki. Salongo alikuwa ameishiwa rangi ya kijani, akamalizia kwa buluu iliyobaki kwenye kazi ya mlango.

Nilifikiri Afande atanigombeza kwa kutawanya soko. Wapi! Kilichomuudhi ni rangi. "Watu walikimbia bomu ya buluu!" alirudia wiki nzima, kama mtu aliyeibiwa. Baada ya hapo sikupaka kitu bila kuuliza.

Miaka ilikwenda hivyo, bati na msasa na mabishano. Wazee waliopigana walikuja kwenye chumba chetu siku za Jumamosi na kubishana chini ya ndege zangu kama watu wa mpira. Mmoja atasema MiG hii ilikuwa na mkia mrefu zaidi, mwingine atamwambia wewe ulikuwa umelala kifudifudi shimoni, mkia uliuona saa ngapi. Mara mbili nilivunja bawa na kulianza upya kwa sababu ya mzee mwenye ushahidi mzuri. Watu wa ofisini waliniona kichaa. Nani atakuja kupima umbali wa masikio ya bomu la bati lililoning'inia darini? Niliwajibu kwamba nitapima mimi, na mimi pia ni mtu.

Sasa niwaambie ya mwaka wangu wa mwisho, maana hadithi hii mmeisikia kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilikuwa namalizia F-5, ndege ya mwisho ya chumba. Bomu lake la ratili mia tano nilishalitengeneza kwa kuangalia picha, kazi ya miezi mitatu, na naapa sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Lilibaki kuwekewa masikio tu. Lakini picha ni picha. Umbali wa masikio nilikuwa nao kwenye kijiti, ila unene wake nilitaka kuupima kwenye bomu la kweli, na kituo hakikuwa nalo. Salongo ndiye aliyenipa habari, alipotoka kununua samaki upande wa Rejaf.

"Nyabo, kuna kanisa kule iko na bomu kama kengele," alisema. "Wanapiga na chuma. Hata masikio iko, mbili."

Nilitafuta kwenye rejista ya kituo. Lilikuwemo, limekaguliwa zamani kabla hata sijaajiriwa. Bomu la Antonov, tupu, salama. Moyo ulishuka kidogo kwa sababu ya hilo neno Antonov, lakini nilikwenda, siku ya Jumatano asubuhi, na kijiti changu.

Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali na mabati, na mbele yake kuna nguzo mbili za msaji. Kati ya nguzo lilining'inia bomu, limepakwa chokaa, limeshikwa kwa minyororo kwenye masikio yake mawili, vilevile lilivyoning'inia siku moja chini ya bawa. Kwenye tundu la pua walikuwa wamechomeka maua. Nje alikuwepo Katekista Wani, mzee mfupi mwenye furaha nyingi, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Uganda. Kabla sijamaliza salamu aliokota chuma cha lori akanikaribisha kwa mapigo matatu. Du! Du! Du!

"Sauti yake iko nzito kidogo," aliniomba radhi. "Lakini ni ya heshima."

Niliweka kijiti mgongoni. Alama ya kwanza, hapana. Alama ya pili ilikaa pale kama kidole kwenye pete. Thelathini na tano na nusu! Jamani, nilipiga kigelegele. Nilikuwa nimepata bomu la F-5, lile hasa nililolitafuta, limepakwa chokaa na kupewa maua. Nilicheza pale uwanjani na uzee wangu wote. Katekista hakujua tunashangilia nini lakini alishangilia pia, akainua chuma, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia, "Piga, baba, piga!" Akapiga mara nne.

Nilikuwa bado nacheka nilipotoa yale maua ili nipime tundu la pua. Niliingiza kijiti nikitegemea kizame chote, maana bomu tupu ni kama mtungi, linameza. Hakikuzama. Kiliishia kwenye kina cha kiganja na kugonga kitu kigumu. Nikajaribu tena, pole pole, kikaishia palepale. Tundu lile lilikuwa kikombe tu, mahali pa kuchomeka fyuzi, kile kifaa cha kuliamsha bomu. Aliyelikagua aliona tundu la pua liko wazi bila fyuzi, akaona udongo, na watu wote wakamwambia Antonov. Mabomu ya Antonov aliyoyazoea yalikuwa na fyuzi puani tu, kwa hiyo akaandika tupu. Lakini bomu la F-5 lina fyuzi mbili, puani na mkiani. Niliangalia mkiani. Walikuwa wameziba kwa saruji, wakachora msalaba.

Ndipo nilipoelewa ile sauti. Kitu kitupu hulia. Hili lilikuwa linasema du.

"Katekista," nilisema, "weka chuma chini."

"Imefanya kosa gani?"

"Weka tu, baba yangu."

Aliweka, kwa adabu, lakini alininunia. Jumamosi, aliniambia, binti yake Jokudu anaolewa, na kanisa lao lina desturi. Tangu alfajiri vijana wa upande wa bibi harusi na wa bwana harusi wanashindana kupiga kengele kwa nyundo, zamu kwa zamu, bila kupumzika, mpaka bibi harusi afike. Upande utakaochoka kwanza ndio utakaogawa chakula na kuosha vyombo. Nyundo zilikuwa zimeshaazimwa, na aliniambia kwa fahari kwamba moja ni ya kupasulia mawe.

Nilimweleza kwamba bomu lake bado limejaa. Alinisikiliza, halafu akanishika mkono akanipeleka mlangoni, ambako karatasi yetu ilikuwa imegongomelewa, na muhuri wetu, imefunikwa nailoni isilowe. "Hii ni kalam, maneno ya ofisi yenu," alisema. "Inasema salama. Sasa mimi nisikie ofisi, au nisikie fimbo?"

Karatasi ilikuwa ya kwetu.

Nilirudi mbio kwa Mkuu wa Kituo, mtu mwangalifu ambaye sitamtaja, na kumwambia kwamba kanisa linapiga bomu zima kila Jumapili. Alivua miwani.

"Keji, ulienda kupima masikio ya mfano. Hukutumwa kufuta rejista. Wazee wote wa pale wanasema Antonov."

"Mzee, mimi sina elimu, lakini nisikilize. Antonov ni jina la hofu yao. Masikio yale hayaingii kwenye ndege yoyote ya Kirusi."

"Tukiwatisha halafu liwe tupu, hakuna atakayeamini karatasi yetu tena."

"Na likiwa zima, hakuna atakayebaki wa kuiamini."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nafikiri ni yale mapigo manne niliyoyaagiza mwenyewe, yalikuwa bado yananipiga kichwani. Mwishoni alisema Afande Lado akithibitisha, atatuma timu. Afande alikuwa ameshastaafu zamani, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Alhamisi asubuhi nilimpandisha boda boda, amevaa kofia yake ya kazi, na njia nzima alilalamika kwamba mwanamke anayetoa mzee nyumbani kwa ajili ya kengele ana kasoro.

Alilisoma bomu kwa vidole. Aligusa sikio la kwanza, akapima shubiri hadi la pili, akarudia. Akashuka na mgongo wake mpaka mkiani, akakwaruza saruji kwa ukucha, akaweka kiganja juu ya ule msalaba na kukiacha pale. Halafu akavua kofia.

"Kalas, basi," alisema. "Biniya, toka. Polepole. Katekista pia."

Tulirudi nyuma hadi barabarani. Afande alibaki ameshika kofia mkononi.

"Hii najua," alisema. "Ndugu zake nilitundika mimi, na hii mikono. Nilikuwa napandisha tu, kila siku kupandisha. Mimi sijawahi kushusha hata moja."

Katekista akamshika begani. Alimwambia, "Basi leo shusha."

Timu ilifika Ijumaa asubuhi. Walisukuma watu mbali, wakafanya kazi yao ambayo mimi siijui na sitajidai, na jibu likaja kwa redio. Lilikuwa limejaa, na fyuzi ya mkiani ilikuwa mahali pake nyuma ya saruji. Walilishusha wakalilaza kwenye mchanga, wakalipeleka kwenye shimo la murram, ile changarawe ya barabara, mbali na nyumba, na saa sita mchana walililipua. Ardhi iliruka. Majani ya miti yakamwagika, bata wote wa Rejaf wakapaa, na moshi ukasimama juu ya mto.

Katekista Wani alikaa chini pale alipokuwa. Aliutazama mkono wake wa kulia, upande wa juu na upande wa ndani.

"Miaka ishirini," alisema. "Kila Jumapili mara mbili. Krismasi tulipiga na nyundo tatu pamoja!" Akaugeuza tena. "Na Abuna, padri wetu, aliniambia, Wani, piga kwa nguvu, wenye dhambi hawasikii."

Kicheko kilimtoka kama kikohozi. Mkewe akaanza, kisha kwaya nzima, kisha sisi. Watu walikumbatiana, walianguka, walipigana migongo. Mama mmoja alikumbuka kwamba mwaka fulani alilikogesha kwa sabuni na brashi ya chuma kwa ajili ya Pasaka, akapiga yowe, tukaanza upya. Afande alicheka huku machozi yanamtiririka, na sikumuuliza ni ya nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Halafu bibi harusi, Jokudu, aliuliza swali lililotuzima wote. "Baba, kesho watapiga nini?"

Nguzo zilisimama pale na minyororo yake mitupu. Mnajua nilichokuwa nacho karakanani. Jana yake jioni, kabla sijalala, chakula hata hakijashuka, nilikuwa nimeyachomelea masikio kwenye mfano wangu kwa kipimo cha kijiti. Jumatatu ulikuwa utundikwe chini ya F-5 mbele ya wageni. Nilijisikia nikisema, "Ninalo moja."

"Na historia?" Afande aliniuliza pembeni, kwa ukali wa zamani.

"Historia ingoje Jumatatu."

Jumamosi alfajiri tulifika nalo mimi na Salongo. Salongo alikuwa na waya na spana, tayari kupinda na kulazimisha, maana alizoea kazi za watu ambazo hazikai. Haikuhitajika. Tuliliinua, na masikio yangu ya bati yakaingia kwenye minyororo ileile, kwenye vikulabu vilevile, bila kusogeza hata pete moja. Salongo aliweka spana chini. "Banange, jamani," alisema, na akaondoka kwenda kutafuta chai.

Vijana wa pande mbili walisimama na nyundo zao lakini hakuna aliyeanza. Wote walikuwa wanaliangalia. Katekista alitoka ndani amevaa kanzu nyeupe, akachukua nyundo ya kupasulia mawe, na badala ya kupiga akanipa mimi.

"Wewe ndiyo ulituambia tusipige," alisema. "Sasa piga wewe."

Nililitengeneza mwenyewe. Nililivingirisha, nililipiga msasa, nilijua kila mshono, ndani mlikuwa na hewa na mjusi mmoja. Na bado, wapendwa, mikono yangu ilikataa. Jokudu alikuwa anakuja barabarani na wanawake wa kwao, nilisikia vigelegele vikikaribia. Nilifumba macho kwa nguvu, nikainua nyundo, nikapiga.

Bati lililia kama sufuria iliyodondoka kanisani. Lilikuwa na sauti mbaya, nyembamba, isiyo na heshima hata kidogo, na lilibonyea ubavu mzima. Kisha watu wakalipuka kwa kicheko, nyundo zikaanza kushuka upande huu na upande ule, kazi yangu ya miezi mitatu ikakunjika mbele yangu kama karatasi, na nilipofumbua macho Jokudu alikuwa anacheza.